Kukata listi kwenye Python: hesabu kisu kinapopita, usihesabu vitu

Kama zile [1:4] na [::-1] zinakuchanganya, mara nyingi shida ni kwamba unahesabu vitu wakati ulitakiwa uhesabu pale kisu kinapopita. Chukua vituo vya barabara ya Morogoro:

vituo = ["Kimara", "Mbezi", "Kibaha", "Mlandizi", "Chalinze", "Morogoro"]

Sasa ione hiyo listi kama mkate. Kisu namba 0 kinapita kabla ya Kimara, namba 1 kati ya Kimara na Mbezi, unaenda hivyo hivyo mpaka namba 6 ambayo iko baada ya Morogoro. Kwa hiyo vituo[1:4] maana yake kata kwenye 1, kata kwenye 4, beba cha katikati: Mbezi, Kibaha, Mlandizi. Ndo maana Chalinze haimo japo namba yake ni 4 (Python inaanza kuhesabu vitu na 0), kisu kimepita kabla yake. Halafu 4 toa 1 ni 3, idadi ileile uliyobeba, so unaweza kuhakiki kichwani kabla hujaran chochote.

Ukiacha upande wazi Python inachukua mpaka mwisho wa upande huo, na namba hasi zinahesabu kutokea nyuma, vituo[-2:] ni Chalinze na Morogoro. Hapa kuwa makini sana: ukiandika vituo[-n:] ili upate vitu n vya mwisho, alafu n ikawa 0, hupati listi tupu, unapata listi NZIMA, kwa sababu -0 ni 0 tu. Mi hii bagi ilinikesha usiku mzima, nilikuwa naonyesha oda mpya za mteja, asiye na oda mpya hata moja akawa anaonyeshwa zote tangu aanze kununua. Andika vituo[len(vituo)-n:] na uhakikishe n haizidi urefu wa listi.

Namba ya tatu ni hatua, vituo[::2] inaruka kimoja kimoja. Hatua ikiwa hasi mfano wa mkate haufai tena: vituo[4:1:-1] inaanza Chalinze yenyewe, inarudi nyuma, inaishia Kibaha. Mi sipendi kuandika hivyo, nakata kawaida kwanza ndo nageuza, vituo[2:5][::-1], jibu lilelile na anayesoma haumizi kichwa.

Na jua kwamba vituo[10] inakupiga IndexError (eraa ya namba isiyokuwepo kwenye listi) ila vituo[2:10] inanyamaza kimya inakupa vilivyopo, vituo[10:] inakupa listi tupu. Kwa hiyo programu ikikuletea vitu pungufu bila eraa yoyote, anza kukagua hapo.