Namna ya Kulinena Neno la Mungu kwa Ujasiri na Mamlaka

Jijini Dar es Salaam Neno la Mungu hunenwa mahali pengi mno nje ya kuta za kanisa: katika jumuiya zinazokutana nyumbani kwa waumini, chini ya turubai la msiba, katika wodi za Muhimbili saa za kuwaona wagonjwa, na katika vituo vya daladala ambako mwinjilisti husimama na spika yake. Wengi wanaoombwa kusoma na kusema machache mahali kama hapo si wachungaji wala makatekista, na hofu yao inafahamika, kwa maana sauti hufifia, macho hung'ang'ania ukurasa, na mstari ulioanza vizuri huishia kwenye kikohozi. Wengine huificha hofu hiyo kwa kupiga kelele. Mwongozo huu unawahusu wote, na msingi wake ni kwamba mamlaka yamo katika Neno lenyewe na katika yeye aliyelitoa. Kazi ya msemaji ni kulijua, kulisema lilivyo, na kutoliongezea lolote.

Mahali pazuri pa kujifunzia ni Mathayo sura ya 4. Yesu alipojaribiwa nyikani alijibu mara tatu, na mara zote tatu alijibu kwa maneno ya Kumbukumbu la Torati, kutoka sura ya 6 na ya 8. Jambo ambalo wahubiri wengi hulipita haraka ni kwamba katika jaribu la pili mjaribu naye alitaja Maandiko. Alinukuu Zaburi ya 91, mstari wa 11 na wa 12, akaacha maneno "katika njia zako zote", kana kwamba ahadi ya ulinzi inamhusu pia mtu anayejirusha kutoka juu ya kinara cha hekalu kwa makusudi. Yesu hakukana kwamba zaburi hiyo imeandikwa; alijibu, "Tena imeandikwa", akaleta andiko jingine lililoonyesha mpaka wa lile la kwanza. Kwa hiyo kukariri peke yake hakumpi mtu mamlaka, kwa kuwa hata adui anaweza kukariri. Mwenye mamlaka ni yule aliyelijua andiko pamoja na yale yanayolizunguka.

Basi usichague mstari kabla hujasoma sura nzima. Chukua Yeremia 29:11, mstari unaopendwa sana katika sherehe za mahafali, kadi za harusi na salamu za mwaka mpya: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Maneno hayo yamo katika barua waliyoandikiwa watu waliochukuliwa mateka kwenda Babeli. Mstari wa 10, ambao haupo kwenye kadi, unasema kwamba watarudi baada ya miaka 70, na mistari ya mwanzo inawaagiza wajenge nyumba, wapande bustani, na wautakie amani mji uleule walikohamishiwa. Anayemwambia kijana aliyekosa ajira kwamba, kwa mstari huu, kazi itapatikana kabla ya Desemba, anatoa ahadi ambayo Mungu hakuitoa katika barua hiyo, na Desemba ikipita bila kazi kijana atadhani ni Mungu aliyesema uongo. Anayemsomea barua yote, pamoja na miaka yake ya kungoja na amri ya kuendelea kuishi na kufanya kazi katika mji mgumu, anampa neno zito zaidi, ambalo kijana huyo anaweza kulishika hata Januari. Hali ni hiyohiyo kwa Wafilipi 4:13, ambapo Paulo anasema anayaweza mambo yote katika yeye amtiaye nguvu. Mistari miwili iliyotangulia inazungumzia kushiba na kuona njaa, wala haizungumzii zabuni wala mtihani.

Unaposoma sura, tambua nani anasema, anamwambia nani, na kwa sababu gani, kisha uone kama maneno hayo ni ahadi, amri, maombi au malalamiko. Usilipuuze hili, kwa kuwa kitabu cha Ayubu kina sura nyingi za hotuba nzuri za rafiki zake watatu, na katika sura ya 42 Mungu anawaambia kwamba hawakunena yaliyo sawa juu yake. Mtu anaweza kusimama msibani akanukuu mmoja wa hao kwa sauti ya kishindo bila kujua kwamba ananukuu hoja iliyokwisha kukataliwa.

Ukishalielewa andiko, lisome kwa sauti nyumbani kabla ya siku yenyewe. Nehemia 8:8 inasema kwamba Walawi walisoma kwa sauti ya kusikilika na kueleza maana, hata watu wakayafahamu yaliyosomwa; usomaji wenyewe, basi, ulikuwa nusu ya kazi. Biblia ya Union Version, iliyotolewa mwaka 1952 na ambayo bado ndiyo inayosikika katika makanisa mengi, ina sentensi ndefu zenye vituo vingi, na anayezikuta kwa mara ya kwanza mbele ya watu hukata pumzi mahali pasipofaa. Weka alama ya penseli pale utakapopumua, na majina kama Nebukadreza yatamke mara kadhaa mpaka ulimi uyazoee. Ukiwa na watoto wengi, tafsiri ya Habari Njema itawafikia kwa urahisi zaidi, lakini kwa kukariri shikamana na tafsiri moja, la sivyo maneno yatachanganyika kichwani. Kariri pamoja na kitabu, sura na mstari, ukivitaja mwanzoni na mwishoni. Anayepanda mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni ana muda wa kutosha kwa mistari miwili au mitatu, na faida ya kukariri ni kwamba huhitaji kutoa simu yako katikati ya msongamano.

Kuhusu ujasiri, soma Matendo ya Mitume sura ya 4 polepole. Petro na Yohana walikuwa wamelala kizuizini, wakatishwa, na wakuu wa baraza waliwaona kuwa watu wasio na elimu. Walipoachiliwa, kanisa halikuomba vitisho viondolewe. Liliomba, "ukawajalie watumwa wako kunena neno lako kwa ujasiri wote". Paulo naye, akiwa kifungoni, aliwasihi Waefeso wamwombee jambo hilohilo, kama tunavyosoma katika sura ya 6. Ikiwa mitume waliuomba ujasiri, hofu yako haithibitishi kwamba hukuitwa. Waambie ndugu wawili wakuombee kabla ya kusimama, nawe uikariri sentensi yako ya kwanza, kwa kuwa hofu huwa kali zaidi hapo mwanzoni.

Ukisimama, salimu kwa desturi ya wenyeji wako, iwe "Bwana Yesu asifiwe" au "Tumsifu Yesu Kristo", na msibani tanguliza pole. Kisha anza. Acha kabisa ule utangulizi wa "naomba mnivumilie, mimi si mzungumzaji", ambao watu huuona kuwa unyenyekevu ilhali unawafundisha wasikilizaji kutolitazamia Neno. Soma polepole kuliko unavyodhani inafaa, uimalize kila sentensi kwa sauti ileile uliyoianza, na ukinyamaza kidogo baada ya mstari mzito usiogope ukimya huo.

Sauti kubwa haiongezi mamlaka. Katika Wafalme wa Kwanza sura ya 18, manabii 450 wa Baali walipaza sauti tangu asubuhi wasipate jibu, ilhali sala ya Eliya inatosha katika mistari miwili. Anayetumia spika mtaani akumbuke pia kwamba nchi yetu ina kanuni za mwaka 2015 zinazoweka viwango vya kelele na mitetemo, na kwamba jirani aliyenyimwa usingizi hasikii Injili, anasikia spika.

Yapo makanisa ambako kunena kwa mamlaka maana yake ni kuamuru: kuamuru ugonjwa utoke, kuamuru mlango ufunguke. Petro alimwambia kiwete asimame kwa jina la Yesu Kristo wa Nazareti, na sithubutu kulifuta hilo. Hata hivyo, Matendo sura ya 19 inawataja wana saba wa Skewa, waliolitumia jina la Yesu kama kauli ya kuazima, pepo akawauliza wao ni akina nani, wakakimbia uchi wakiwa na majeraha. Kwa maoni yangu kanuni salama ni kunena kwa uthabiti kile ambacho Mungu amekiahidi, na kukiomba kile ambacho hakukiahidi waziwazi. Usiseme "Bwana ameniambia" juu ya wazo lako mwenyewe. Yeremia sura ya 23 inawashutumu vikali waliofanya hivyo. Na kamwe usimwambie mgonjwa aache dozi yake ili kuonyesha imani. Hospitalini mwombe mgonjwa ruhusa, msikilize muuguzi, simama karibu na usome kwa sauti ya chini; Zaburi ya 23 ina mistari sita tu na inatosha.

Katika nyumba zetu nyingi za kupanga, Waislamu na Wakristo huchota maji bomba moja na kuzikana. Ibara ya 19 ya Katiba inalinda uhuru wa kutangaza imani, na sheria ya jinai inakataza maneno yanayokusudiwa kuumiza hisia za kidini za wengine. Petro naye, katika waraka wake wa kwanza, 3:15, anataka tumjibu kila atuulizaye habari za tumaini letu, lakini kwa upole na kwa hofu. Unaweza kulinena Neno kwa nguvu zote bila kuitaja dini ya jirani hata mara moja.

Utaulizwa swali usilolijua. Sema kwamba hujui, taja siku utakayoleta jibu, na ulilete. Watu wa Beroya waliyachunguza Maandiko kila siku waone kama aliyoyasema Paulo ndivyo yalivyo, nao wakasifiwa kwa hilo. Wasikilizaji wako wana haki hiyohiyo. Kwa hiyo kabla ya kuketi rudia kitabu, sura na mstari, polepole kiasi cha mwenye kalamu kuandika.