Usiku 50 kwa mwaka: jinsi msafiri wa kazi anavyoweza kunufaika na pointi za hoteli

Mimi ni mkaguzi wa hesabu za miradi. Kwa mwaka nalala hotelini usiku 45 hadi 60: Arusha, Nairobi, Kampala, Kigali, kisha narudi Dar kufua nguo. Miaka mitatu ya mwanzo sikuambulia chochote cha maana, na si kwamba sikuwa mwanachama wa mipango ya hoteli inayowapa wageni pointi. Nilikuwa na kadi tano. Kila hoteli niliyofika, mtu wa mapokezi aliniuliza, "Bosi, ungependa kujiunga?", nami nikajiunga. Mwaka ukiisha nina usiku tisa huku, saba kule, sita kwingine, na hadhi (ngazi ya uanachama inayoleta faida za ziada) hakuna.

Utaratibu ninaoufuata sasa ndio huu. Mifano mingi ni ya Marriott Bonvoy, mpango wa hoteli za Marriott, kwa sababu ndio ninaoutumia, lakini mingine inafanya kazi kwa namna hiyohiyo.

Hatua ya 1: Hesabu usiku wako, na nani aliyelipa

Toa marejesho yako ya masurufu ya mwaka uliopita. Andika kwenye karatasi mji, hoteli, idadi ya usiku, na nani aliyelipa. Safu hiyo ya mwisho ndiyo watu huiruka, na ndiyo inayoamua kila kitu.

Semina ndizo zinazotuponza. Mratibu akilipia vyumba 40 kwa bili moja ya pamoja, usiku ule kwa kawaida hauingii kwenye akaunti yako hata ukitoa namba ya uanachama, kwa sababu kanuni zinataka mgeni mwenyewe awe amelipia chumba. Mkipewa posho mkononi kila mtu akalipa chake, hapo mambo ni tofauti. Kwa hiyo usiku wa bili ya pamoja ukate kwa kalamu nyekundu. Uliobaki ndio mtaji wako.

Sasa linganisha na ngazi za Bonvoy: usiku 10 kwa mwaka ni Silver, 25 ni Gold, 50 ni Platinum, 75 ni Titanium. Ukibaki na chini ya 10, sahau habari za hadhi. Jiunge tu, chukua bei ya wanachama na pointi, uendelee na maisha. Mwongozo huu unamfaa zaidi mwenye usiku 20 na kuendelea.

Hatua ya 2: Chagua mpango mmoja kwa kuangalia ramani yako, si matangazo

Nilichagua Bonvoy kwa sababu moja tu: iko katika miji ninayotumwa. Marriott ilinunua Protea, iliyotapakaa Afrika, mwaka 2014, kisha mwaka 2016 ikainunua Starwood yenye Sheraton na Four Points. Ndiyo maana namba moja ya uanachama inafanya kazi Four Points ya Arusha, Sheraton ya Kampala, JW Marriott ya Nairobi na Marriott ya Kigali.

Ramani yako inaweza kusema vingine. Anayeshinda Nairobi anaweza kuona mpango wa kampuni ya Accor unamfaa zaidi, maana ndani yake kuna Fairmont The Norfolk, Mövenpick na ibis Styles. Anayezunguka Dar, Zanzibar na mbugani aangalie Prestige Club ya Serena, na Mkenya wa Sarova ana mpango wao wa Zawadi. Hii ya nyumbani haina mbwembwe za kimataifa, lakini kama usiku wako wote uko huko, inazishinda zile kubwa.

Angalia pia kama mji una hoteli zaidi ya moja ya mpango wako. Waliokuwa wamejenga maisha yao juu ya InterContinental ya Nairobi waliona ikifungwa mwaka 2020, na Hilton ya katikati ya jiji, iliyokuwepo tangu 1969, ikafuata mwishoni mwa 2022.

Ukishachagua, zile kadi nyingine usizifute. Ziache zilale.

Hatua ya 3: Hakikisha namba yako imo kwenye oda kabla hujafunga begi

Hapa ndipo nilipoumia. Mwaka mmoja wakala wa safari wa ofisi aliniwekea oda ya usiku 11 kupitia tovuti ya bei za jumla, yaani vyumba vilivyonunuliwa kwa wingi na kuuzwa tena. Nilifika, nikatoa kadi, nikakaribishwa kwa jina na juisi ya pasheni, lakini usiku uliohesabiwa ni sifuri. Mhudumu hakuwa na kosa. Bei ya aina ile haipati pointi wala usiku, na mwaka ule niliishia usiku 22, tatu pungufu ya Gold.

Oda za Booking.com, Expedia na mitandao ya aina hiyo hazihesabiki. Zinazohesabiki ni za tovuti au programu ya simu ya hoteli zenyewe, za kupiga simu hotelini moja kwa moja, na za wakala anayetumia bei halali za hoteli, ikiwemo bei ya mkataba kati ya hoteli na kampuni yako. Wakala si adui. Mwambie tu mambo matatu kwa maandishi: namba yako ya uanachama, kwamba hutaki bei za jumla, na jina lako kama lilivyo kwenye akaunti. Hilo la jina usilidharau. Sisi wenye majina matatu wakala huyapanga atakavyo, la baba likatangulia, na mfumo ukaona ni mtu mwingine.

Ukiona bei ya chini zaidi kwenye tovuti nyingine, usikimbilie kule. Marriott ina dhamana ya bei: weka oda kwao, kisha ndani ya saa 24 tuma dai lenye picha ya ile bei ya chini, iwe ni chumba kilekile na masharti yaleyale. Wakikubali wanaishusha, na unachagua punguzo la ziada la asilimia 25 au pointi 5,000. Wanakagua kwa jicho kali, hata tofauti ya kifungua kinywa inatosha kukataliwa.

Neno la pembeni kutoka kwa mkaguzi: kama kuna hoteli ya dola 90 inayofaa na wewe ukachagua ya dola 160 kwa ajili ya pointi huku mradi ndio unaolipa, huo si ujanja, hiyo ni hoja ya ukaguzi.

Hatua ya 4: Ukiwa hotelini, pitisha kila kitu kwenye chumba

Kwa chapa nyingi za Bonvoy unapata pointi 10 kwa kila dola, na bili ya shilingi hubadilishwa kuwa dola kwanza. Kodi haihesabiki. Chumba cha dola 140 kwa usiku tatu ni dola 420, sawa na pointi 4,200. Ukiwa Gold unaongezewa asilimia 25, jumla 5,250. Ile VAT ya asilimia 18 inayofuata kwenye bili haikupi kitu.

Chakula cha mgahawani na dobi kwa kawaida huhesabiwa pia, mradi vimeandikwa kwenye bili ya chumba. Kwa hiyo usilipe samaki wako taslimu. Saini, kisha lipa siku ya kuondoka. Kama ofisi inalipia chumba peke yake, omba bili mbili, moja ya chumba na moja ya matumizi yako. Mhasibu wako atakushukuru.

Ukiwawekea oda na wenzako, unaweza kupata pointi za vyumba hadi vitatu ulivyolipia, ikiwa na wewe umelala hapo. Ila usiku wa kupandia hadhi ni wa chumba kimoja tu.

Faida inayonifaa kuliko zote ni kuchelewa kutoka. Ndege nyingi za huku kwetu huondoka jioni au usiku, na chumba unatakiwa kukirudisha saa tano asubuhi. Gold anaweza kuongezewa hadi saa nane mchana ikiwa chumba kipo. Platinum anapewa hadi saa kumi jioni, na hiyo ni haki yake, isipokuwa kwenye hoteli za mapumziko na za mikutano, ambako inategemea nafasi. Usiombe asubuhi ile ya kuondoka wakati watu wa usafi wameshapangiwa vyumba. Mimi huomba jioni ya kuamkia safari:

"Dada, habari za kazi? Kesho ndege yangu ni saa mbili usiku. Nina Platinum, naomba uniandikie kutoka saa kumi."

"Nzuri, kaka. Nimeshakuandikia. Ila kadi ya mlango itajizima saa tano, kwa hiyo asubuhi ukitoka kwenye chai pita hapa niiwashe upya."

Hilo la kadi ya mlango likumbuke. Nimeshasimama koridoni na taulo begani, nimetoka kuogelea, taa nyekundu inanikonyeza.

Kuhusu kupandishwa chumba, uliza mara moja kwa heshima, "Kuna chumba kizuri zaidi leo?", kisha nyamaza. Wakati hoteli imejaa wajumbe wa mkutano, hata Titanium analala chumba cha kawaida.

Hatua ya 5: Tunza bili

Pointi huingia ndani ya siku kadhaa. Zisipoonekana baada ya siku kumi, fungua dai la usiku uliokosekana kwenye akaunti yako, ambatisha picha ya bili, basi. Bili, si risiti ya mashine ya kadi.

Hatua ya 6: Tumia pointi pale bei ya fedha inapouma

Pointi za Bonvoy hufutika akaunti ikikaa miezi 24 bila shughuli yoyote. Na hazizai: hoteli ikipandisha kiwango, za kwako zimeshuka thamani. Kwa hiyo kukusanya bila kutumia ni hasara ya polepole.

Kipimo changu: kila pointi 10,000 lazima zininunulie chumba cha angalau dola 70, kodi ikiwemo. Tuseme Nairobi chumba ni dola 165 au pointi 30,000. Gawanya: kila 10,000 zinanunua dola 55. Hapo nalipa fedha. Wiki nyingine mjini kuna mkutano mkubwa, chumba kilekile kimefika dola 310 na pointi 36,000. Sasa kila 10,000 zinanunua dola 86. Hapo natoa pointi bila kufikiri mara mbili.

Ukibuku usiku tano mfululizo kwa pointi, unalipia nne, ule wenye pointi chache zaidi ndio wa bure. Usiku tano wa pointi 30,000 unakugharimu 120,000. Mimi hukusanya kwa ajili ya hiyo, likizo moja ya familia kwa mwaka. Kama pointi zako na za mwenzio hazitoshi kila mmoja peke yake, mwanachama anaweza kumhamishia mwingine hadi 100,000 kwa mwaka.

Kuhamishia kwenye maili za ndege ni njia ya mwisho kwangu. Kwa mashirika mengi pointi tatu huwa maili moja. Na kununua pointi kwa fedha bila kuwa na oda maalumu akilini sikushauri kabisa.

Kwa ndugu walio Dubai au Marekani, kwenu kuna njia ya mkato: kadi za benki. Benki ya Emirates NBD ina kadi za Bonvoy huko Falme za Kiarabu, na Marekani kadi ya Platinum ya American Express humpa mwenyewe Gold ya Marriott bila kulala usiku hata mmoja. Piga hesabu ya ada ya mwaka kabla ya kufurahi.

Hatua ya 7: Novemba, amua kama utaikimbiza hadhi au utaiacha

Hadhi uliyoipata mwaka huu hudumu hadi mwisho wa Februari ya mwaka wa pili unaofuata: ya 2025 inafika Februari 2027. Kwa hiyo Novemba fungua akaunti uone umebakiza usiku mingapi. Usiku uliolipiwa kwa pointi nao unahesabika, na wengi hawalijui hilo. Ukipungukiwa usiku miwili na una safari ya kijijini inayopitia mji wenye hoteli yenu, lipia kwa pointi.

Mimi mwaka fulani Desemba nilikuwa na 48. Nikabeba begi dogo, nikaenda kulala usiku miwili hoteli iliyo kama kilomita nane kutoka nyumbani, kwa fedha yangu, jumla dola 190. Mama Neema alinisindikiza hadi getini. "Baba Neema, majirani niwaambie tumegombana?"

Nikapata Platinum. Mwaka uliofuata nikakaa kuipigia hesabu. Kifungua kinywa cha bure, ambacho miongozo ya Wamarekani hukisifu mno, huku kwetu mara nyingi tayari kiko ndani ya bei ya chumba, kwa hiyo sikuokoa kitu mpaka nilipoanza kutafuta bei ya chumba kitupu. Launji, ile sebule ya wanachama wa hadhi ya juu, niliitumia kwenye miji miwili tu, maana Protea na Four Points usitarajie kuikuta. Kilichobaki ni ile saa kumi jioni, mara saba kwa mwaka mzima. Dola 190 kwa alasiri saba za kulala kabla ya ndege: kwangu ilifika bei, lakini kwa kuponea chupuchupu. Ningekuwa natoka kwa ndege za asubuhi, ningekuwa nimezitupa.

Mwaka jana nilifika 47. Neema alikuwa na mahafali, nikaacha. Machi hii nimerudi Gold, na jioni ya kuamkia safari bado naenda pale mapokezi, ila sasa naomba saa nane, kama chumba kipo.