Kupanga folda za barua pepe kwa mstari wa amri

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye folda zake za barua pepe zimezaana bila mpango, na ambaye angependa kuzipanga upya kwa amri chache badala ya kuburuta barua moja moja kwa kipanya. Nimeuandika baada ya kumsaidia ndugu mmoja mwenye nyumba ya wageni Jambiani, ambaye maombi ya vyumba, ankara za wauza samaki na barua za serikalini zilikuwa zimelala pamoja katika Inbox. Kwa walio katika biashara ya utalii, kazi hii aghalabu hufaa wakati wa masika, wageni wanapopungua. Nachukulia kwamba unatumia Linux na kwamba terminali si kitu kigeni kwako.

Hatua ya 1: Zana na usanidi

sudo apt install isync curl notmuch pass

Kifurushi cha isync ndicho chenye programu ya mbsync, inayonakili barua kutoka kwenye seva hadi kwenye kompyuta na kuoanisha pande mbili hizo. Wapo wanaopendelea OfflineIMAP, lakini kwangu mbsync haina mpinzani, kwa sababu ni nyepesi na faili lake la usanidi linasomeka. Andika yafuatayo katika ~/.mbsyncrc, na usiondoe mistari mitupu inayotenganisha sehemu, kwa maana programu huitegemea:

IMAPAccount wageni
Host imap.seva-yako
User jina-lako
PassCmd "pass barua/wageni"
TLSType IMAPS

IMAPStore wageni-seva
Account wageni

MaildirStore wageni-hapa
Path ~/barua/
Inbox ~/barua/Inbox
SubFolders Verbatim

Channel wageni
Far :wageni-seva:
Near :wageni-hapa:
Patterns *
Create Near
Expunge None
SyncState *

Mstari wa PassCmd huchukua nenosiri kutoka kwa pass, programu ya kuhifadhi manenosiri. Mkwaju (/) ulio mwishoni mwa ~/barua/ ni wa lazima. Matoleo yaliyotangulia 1.5 hutumia SSLType badala ya TLSType. Acha Expunge None ilivyo hadi hatua ya nne, kwa kuwa ndiyo inayozuia barua zisifutwe moja kwa moja. Kisha tengeneza saraka kwa mkdir -p ~/barua, na uvute barua zote kwa mara ya kwanza:

mbsync --pull wageni

Kazi hii ifanye palipo na waifai, kwani picha za pasipoti zinazotumwa na wageni humaliza bando upesi. Baada ya hapo barua zitasomeka hata mtandao ukikatika. Kwa Unguja, ambayo ilikaa bila umeme wa gridi kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, nakala iliyo mkononi ni jambo la lazima katika ofisi yoyote.

Hatua ya 2: Kuziona folda zilizopo

Weka jina la seva, jina lako na nenosiri katika ~/.netrc, ulifunge faili hilo kwa chmod 600, kisha:

curl -n imaps://imap.seva-yako/

Kila folda itatokea katika mstari kama huu:

* LIST (\HasNoChildren) "/" Booking

Alama iliyo ndani ya nukuu ndiyo inayotenganisha folda mama na folda ndogo. Baadhi ya seva hutumia nukta, na folda zote huanza na INBOX, kwa mfano INBOX.Booking; seva yako ikiwa hivyo, andika jina zima kama linavyoonekana katika kila amri inayofuata. Usishangae ukikuta folda ya Kifaransa imeandikwa R&AOk-servations, kwa kuwa ndivyo IMAP, itifaki ya kusomea barua zilizo kwenye seva, inavyosimba herufi zilizo nje ya ASCII, yaani zisizo za kawaida za Kiingereza.

Hatua ya 3: Kuunda na kubadilisha majina

Folda iundwe na ibadilishwe jina kwenye seva, kamwe si kwenye kompyuta. mbsync haijui maana ya kubadilisha jina: ukiibadilisha folda kwa mv, yenyewe huona folda moja imetoweka na nyingine ngeni imezuka.

curl -n imaps://imap.seva-yako/ -X 'CREATE "Ankara"'
curl -n imaps://imap.seva-yako/ -X 'RENAME "Booking" "Wageni"'
curl -n imaps://imap.seva-yako/ -X 'SUBSCRIBE "Wageni"'
curl -n imaps://imap.seva-yako/ -X 'UNSUBSCRIBE "Booking"'

Folda ndogo humfuata mama yao bila amri ya ziada. Amri mbili za mwisho watu wengi huziruka, kisha hulalamika kwamba folda mpya haionekani kwenye simu. Programu nyingi za barua huonyesha tu folda zilizosajiliwa, na usajili hushikamana na jina, si na folda yenyewe. Jina lenye ritifaa kama Ng'ambo litaifanya terminali ingojee nukuu ya kufunga na kuonekana imekwama, kwa hiyo nashauri folda hiyo uiite Mjini au jina jingine lisilo na alama.

Endesha mbsync wageni. Folda ya Wageni itashushwa upya yote, na huenda mbsync ikalalamika kuhusu Booking isiyokuwapo tena kwenye seva. Ukishahakikisha kwamba Wageni imekamilika, futa ~/barua/Booking.

Hatua ya 4: Kuhamisha barua

Hapa ndipo saa hupotea, hivyo soma sehemu hii yote kabla ya kugusa chochote. Katika mfumo wa Maildir kila barua ni faili moja, na kila folda ina saraka tatu: cur, new na tmp. Tazama jina la faili mojawapo:

1718000000.4321_1.mpakato,U=412:2,RS

Herufi za mwisho ni hali ya barua: R imejibiwa, S imesomwa. Tatizo lipo kwenye U=412. Hiyo ni namba ambayo mbsync imeipa barua hii ndani ya folda hii tu. Ukiipeleka katika Wageni pamoja na namba yake, na huko kukawa na 412 nyingine, utapata kosa la duplicate UID na uoanishaji wa folda hiyo utavurugika. Ubaya wake ni kwamba kosa linaweza lisitokee siku hiyo. Hutokea namba mbili zitakapogongana, wakati umeshasahau ulichokifanya. Kwa hiyo sehemu hiyo ya jina iondolewe kila unapohamisha, na mbsync itatoa namba mpya yenyewe.

Kuzitafuta barua tutatumia notmuch, programu inayoziorodhesha na kuzitafuta. Endesha notmuch setup mara moja na uielekeze kwenye ~/barua. Kisha, kila unapotaka kuhamisha, anza na notmuch new, kwa sababu majina ya mafaili hubadilika kila barua inaposomwa au kuoanishwa.

notmuch search --output=files folder:Inbox and subject:chumba | grep '/Inbox/' | while read -r f; do
  s=$(basename "$(dirname "$f")")
  j=$(basename "$f" | sed 's/,U=[0-9]*//')
  echo mv -n "$f" ~/barua/Wageni/"$s"/"$j"
done

Nimeweka echo makusudi: mara ya kwanza amri ionyeshe tu itakachofanya. Ukiridhika, iondoe echo na uendeshe tena. Sehemu ya grep usiione ya ziada, kwani barua ikiwa na nakala katika folda mbili, notmuch hutaja mafaili yote mawili, na bila kichujio hicho utahamisha hata nakala ambayo hukuikusudia. Herufi -n huzuia faili lililopo lisifunikwe.

Sasa endesha mbsync wageni, kisha linganisha hesabu za pande mbili:

curl -n imaps://imap.seva-yako/ -X 'STATUS "Wageni" (MESSAGES)'
find ~/barua/Wageni/cur ~/barua/Wageni/new -type f | wc -l

Hesabu zikilingana, barua zimefika. Katika Inbox ya seva nakala za zamani bado zipo, zikiwa zimetiwa alama ya kufutwa, na zitaondoka utakapoamuru:

mbsync --expunge wageni

Jambo moja zaidi kuhusu gharama: barua uliyoihamisha kwa mv hupakiwa upya kwenye seva pamoja na viambatisho vyake. Kwa barua nyingi nzito, hasa ukitumia bando la simu, ni afadhali seva izihamishe yenyewe kwa amri ya MOVE, iliyoingizwa katika itifaki mwaka 2013:

curl -n imaps://imap.seva-yako/INBOX -X 'UID SEARCH SUBJECT "chumba"'
curl -n imaps://imap.seva-yako/INBOX -X 'UID MOVE 310,318,325 "Wageni"'

Namba unazipata kutoka amri ya kwanza. Kompyuta yako itazishusha tena baadaye, ukiwa kwenye waifai.

Hatua ya 5: Nakala ya akiba

tar czf barua.tar.gz -C ~ barua

Usinakili saraka yenyewe kwenye flashi. Flashi nyingi zina FAT32 au exFAT, ambazo hazikubali nukta pacha katika jina la faili, na kila barua yenye hali ina nukta pacha. Faili la tar likizidi GB 4, FAT32 italikataa pia, hivyo ligawe kwa split -b 3G.