Nyumba ya msanifu inayouzwa Raskazone, Tanga: namna ya kuikagua kabla ya kutoa arubuni

Dalali ameitangaza kuwa ni "nyumba ya kizamani yenye kiwanja kikubwa", maneno ambayo kwa hakika yanauza kiwanja na kuitupa nyumba. Nyumba za namna hii, zilizochorwa na wasanifu majengo katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, wakati fedha ya mkonge ilipokuwa ikiujenga mji wa Tanga, hazina nakshi wala matao. Uzuri wake umo katika mpango, yaani jinsi vyumba, vivuli na matundu vilivyowekwa ili nyumba ijipoze yenyewe.

Hatua ya kwanza: fuata upepo. Nenda saa nane mchana, umwombe mwenye nyumba azime viyoyozi na afungue kila dirisha. Msanifu aliyeijua pwani alizingatia pepo za kaskazi na kusi, akapanga vyumba katika safu moja ili upepo uingie upande mmoja na kutokea upande wa pili. Kuta ndefu alizielekeza kaskazini na kusini. Zile fupi za mashariki na magharibi, zinazochomwa na jua la asubuhi na la jioni, aliziacha bila madirisha au akazikinga kwa matofali ya matundu. Ukikuta chumba kizito, tafuta kilichozibwa: baraza limegeuzwa stoo, au vioo vya nako (vipande vya kioo vinavyofunguka vyote kwa pamoja) vimeng'olewa na kuwekwa dirisha la alumini la kuteleza, ambalo hata likifunguliwa lote nusu yake hubaki imefungwa. (Sijapata kuelewa kwa nini watu hulipia hasara hiyo.) Kasoro hizi zinarekebishika, basi zitumie kupunguza bei.

Hatua ya pili: gonga zege. Hapa ndipo fedha nyingi hupotelea. Chumvi ya bahari hupenya kwenye zege hadi kwenye nondo. Nondo ikishika kutu huvimba, na zege linaloifunika humeguka vipande vipande. Chukua nyundo ndogo, ugonge chini ya slabu ya paa, vibaraza vinavyoning'inia na nguzo nyembamba, kwa sababu wasanifu wa wakati ule walipenda zege jembamba. Mlio mkavu ni mzuri. Mlio wa debe tupu maana yake zege limeachana na nondo. Mistari ya rangi ya kutu na plasta mpya iliyopakwa sehemu moja tu inahitaji mhandisi, wala fundi rangi haimhusu. Paa likiwa tambarare, panda juu baada ya mvua ya masika uone maji yanatuama wapi. Sakafu ya terazo, yaani ya saruji iliyochanganywa na vipande vya mawe, usiihofie; ikisuguliwa hung'aa upya, na kuifunika kwa vigae ni kuipoteza.

Hatua ya tatu: ulizia michoro kwa mwenye nyumba na kwa Halmashauri ya Jiji. Michoro itakuonyesha ni ukuta upi unaobeba paa na upi uliongezwa baadaye.

Hatua ya nne: hati. Fanya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, na usitosheke na nakala ya dalali. Nyumba zilizopangishwa zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 zilitwaliwa na serikali kwa sheria ya mwaka 1971 na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye shughuli zake zilihamia Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Kwa hiyo fuatilia umiliki tangu mwanzo, kiungo kwa kiungo, hadi kwa anayekuuzia leo.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Niliambiwa viwanja vya zamani vya Raskazone ni vya kudumu, havina muda. Je, ni kweli?

Jibu: Marahaba. Si kweli. Umiliki wa kudumu uligeuzwa mwaka 1963 kuwa wa miaka 99, kisha ukawa haki ya kumiliki ardhi ambayo ina ukomo. Soma tarehe ya mwanzo na idadi ya miaka kwenye hati yenyewe, ndipo ujadili bei.

Swali: Paa la banda la gari ni la bati za asbesto. Fundi anasema atazikata na kuzitoa kwa siku moja.

Jibu: Mzuie, ndugu yangu. Bati hizo zikiwa nzima na hazijaguswa hatari yake ni ndogo; vumbi la kukata ndilo linaloharibu mapafu. Zitolewe zikiwa nzima, zimelowanishwa, na mtu aliyefundishwa kazi hiyo.

Swali: Muuzaji ni mzee mwenye hati kwa jina lake peke yake. Je, sahihi yake inatosha?

Jibu: Kama ni nyumba ya ndoa, haitoshi. Ridhaa ya mkewe inahitajika kwa maandishi, hata kama jina lake halimo kwenye hati. Ombeni mkutane naye kabla fedha yoyote haijatoka, na wakili wenu awepo.