Amplifaya ya kwanza ya gari: wachana na wati za kwa boksi

Ukiingia Luthuli Avenue, ile mtaa wa maduka ya elektroniki Nairobi, useme unatafuta amplifaya ya gari, swali la kwanza ni "boss, unataka ya wati ngapi?" na hapo ndo wengi hupotelea, ju unataja tu namba kubwa, elfu mbili, elfu tatu, jamaa anashusha boksi imeandikwa hivo hivo kwa herufi za dhahabu, unalipa unaenda. Hilo swali limekuja mapema sana. Huyo jamaa hajui una gari gani, hajui spika za milango ni zipi, hajui kama kuna wufa, ile spika kubwa ya besi, na bila hizo tatu hata fundi mzee wa kazi hawezi kukuambia amplifaya gani inakufaa.

Kwa hivyo amplifaya inanunuliwa mwisho. Chagua spika, chagua wufa, angalia umeme wa gari, ndo sasa uende dukani ukijua unatafuta nini, na ukifika hivo hakuna mtu atakuzungusha.

Tuanze na wati zenyewe. Kuna wati za kilele, hizo ndo ziko kwa boksi, na kuna wati za RMS, ambazo ni ile nguvu amplifaya inatoa mfululizo wimbo mzima bila kulia vibaya. Wewe shughulika na RMS pekee, nyingine ni matangazo. Ukikuta imeandikwa CEA-2006 ama CTA-2006 hiyo ni dalili nzuri, maana yake wamepima kwa volti 14.4, kwa omu 4 (omu nitakueleza huko chini), na uchafu wa sauti haujapita asilimia 1, kwa hivyo namba za kampuni mbili unaweza kuzilinganisha bila kudanganywa. Ikikosa hiyo alama si lazima iwe mbaya, lakini hapo sasa tumia macho.

Na macho yanaanzia kwa fyuzi. Geuza amplifaya uangalie ule upande waya zinaingilia, utaona fyuzi zile bapa za plastiki zimechomekwa kwa nje. Tuseme ni moja na ni ya kijani, hiyo ni ya ampea 30. Toa simu upige hesabu hapo kaunta: 30 mara 13.8, hizo ndo volti za gari ikinguruma, unapata wati 414 zinazoingia. Zinazoingia, sio zinazotoka. Kama ni klasi AB, klasi ni namna amplifaya imeundwa ndani, karibu asilimia 40 inapotea kama joto, unabaki na kama 250, na kama ni klasi D inapoteza kama asilimia 20, unabaki na kama 330. Alafu boksi inasema 2000. Mwonyeshe tu hiyo hesabu na usiseme kitu, utaona bei ikianza kuteremka yenyewe. Angalia pia tundu la waya ya betri, ukiona ni kadogo hata waya ya geji 8 inaingia kwa kusukumwa (kwa geji, namba ikipungua waya inanenepa), hiyo amplifaya haikutengenezewa nguvu kubwa, hata wakichora simba juu yake. Kuna zingine kubwa za ukweli hazina fyuzi kwa mwili kabisa, hizo hesabu hii haizishiki, lakini za mtu anayeanza karibu zote zinazo.

Sasa kwa nini uhitaji amplifaya kwanza? Redio ya gari, hata zile za Android za skrini kubwa zimeandikwa 4x50, kiukweli inatoa kama wati 15 hadi 20 RMS kwa kila spika. Ukiwa Thika Road na madirisha yako chini na nganya, matatu ya muziki mkubwa, iko kando yako, unaongeza sauti, redio inaishiwa pumzi, sauti inaanza kukwaruza. Hiyo kukwaruza ikiendelea inaweza kuua spika. Watu huogopa amplifaya yenye nguvu kuliko spika, lakini ukiwa na mkono mpole kwa voliumu, amplifaya iliyozidi kidogo ni salama kuliko ndogo inayokamuliwa hadi mwisho.

Mimi mtu akiniuliza afanye nini kwa Vitz, Fielder, Demio, Note, hizi gari zetu za kila siku, jibu langu karibu kila mara ni moja: amplifaya moja ya chaneli 4, yaani njia nne za kutoa sauti, yenye wati kama 60 hadi 75 RMS kwa chaneli, kwa omu 4. Chaneli mbili za mbele zinaendesha spika za milango ya mbele, mbili za nyuma unaziunganisha ziwe moja, mafundi wanaita kubriji, zinaendesha wufa moja ya inchi 10 ama 12. Spika za milango ya nyuma ziache tu kwa redio, ama uzizime, abiria wa nyuma hawajalipa. Amplifaya moja maana yake waya moja ya betri, fyuzi moja, mahali pamoja pa kuharibika. Ukiwa na doo kidogo zaidi, ya chaneli 5 inafanya hiyo kazi vizuri zaidi ju chaneli ya tano ni ya wufa pekee. Ile monobloki, amplifaya ya chaneli moja ya wufa pekee, ambayo kila mtu anakimbilia, ukianza nayo utakuwa na besi inatikisa namba ya gari na sauti ya mwimbaji huisikii. Kama wewe ni wa rumba na mugithi hiyo si muziki tena, magitaa yote yamezama.

Hapa kwa omu ndo naomba upunguze mwendo, ju hapa ndo amplifaya mpya huungulia. Omu ni ugumu ambao spika inampa amplifaya. Omu zikishuka, amplifaya inatoa nguvu zaidi na inapata joto zaidi. Spika nyingi za milango ni omu 4, hazina shida. Shida ni wufa. Kuna wufa za koili moja na za koili mbili, na za koili mbili zina sehemu nne za kufunga waya badala ya mbili. Wufa ya koili mbili za omu 4 kila moja, ukifunga koili sambamba, chanya na chanya, hasi na hasi, inakuwa omu 2, na ukizifuatanisha moja nyuma ya nyingine inakuwa omu 8. Sasa amplifaya nyingi za chaneli 4 zikibrijiwa mwisho wao ni omu 4. Fundi mwenye haraka anafunga hiyo wufa sambamba, omu 2, anabriji, kila chaneli inajikuta inavuta kama ya omu 1. Itapiga vizuri sana hadi Allsops hapo Thika Road, alafu taa nyekundu inawaka na sauti inakatika. Kwa mpango huu tafuta wufa ya koili moja ya omu 4, ama ya koili mbili za omu 2 uzifuatanishe zikuwe 4. Soma nyuma ya sumaku ya wufa kabla ulipe, huwa imeandikwa.

Alafu linganisha RMS. Amplifaya ya 75 kwa chaneli, ikibrijiwa, inaweza kutoa kama 200 na kitu kwa omu 4, iangalie kwa karatasi yake. Wufa ya RMS 200 hadi 300 inatosha kabisa. Wufa ya RMS 1000 kwa hiyo amplifaya ni uzito tu umebeba kwa buti.

Klasi AB ama klasi D? Zamani watu walisema klasi D ni ya wufa tu, sauti za juu inaziharibu. Za siku hizi nzuri hazina hiyo shida. Klasi D ni ndogo, inaingia chini ya kiti, haichomi kapeti, na haili umeme sana. Kwa gari ndogo mimi naenda klasi D bila kufikiria. Klasi AB ukiipata ya mtumba safi kwa bei poa, chukua, lakini ipe mahali pa kupumua.

Na kuhusu mtumba, amplifaya za zamani kutoka Japani na Uingereza zingine ni chuma kweli kuliko hizi mpya za majina ambayo hujawahi kusikia. Nusa kwanza, sikutanii, iliyowahi kuungua inanuka hata baada ya miaka. Angalia skrubu za kifuniko kama vichwa vimeliwa, hiyo imefunguliwa na mtu. Alafu isikize ikipiga kwa kila chaneli, dakika kumi hivi, usikubali ya "iko sawa, nakuhakikishia".

Umeme wa gari. Vitz ya kawaida ina betri ndogo na olteneta, ile mashine ya injini inayochaji betri, isiyo kubwa, na hiyo olteneta tayari inalisha taa, AC, feni ya radieta na waipa. Amplifaya ya klasi D ikitoa wati 500 RMS inavuta kama ampea 45. Muziki hauvuti hivo muda wote, kwa hivyo gari itahimili, lakini ukienda juu ya hapo utaona taa za mbele zinafifia kila besi ikipiga, na kwa jam ya Mombasa Road usiku, injini inanguruma polepole gari imesimama, AC imewashwa, betri ndo inalipa. Mimi kwa gari ndogo nasimama 500 jumla. Mwenye Aqua ama Fit haibridi, wewe huna olteneta ya kawaida, betri yako ya volti 12 inachajiwa na ile mitambo ya haibridi, kwa hivyo kuwa mpole zaidi, na waya yoyote ya rangi ya chungwa ukiiona chini ya gari usiiguse na fundi wako asiiguse.

Redio nayo. Gari nyingi zinakuja na redio ya Kijapani, FM yake inaanzia 76 na inaishia 90 ama 95, na stesheni nyingi zetu ziko juu ya hapo, ndo maana watu hubadilisha redio kabla ya kitu kingine chochote. Kama umebadilisha, angalia nyuma kama kuna matundu ya RCA, yale ya duara ya kupeleka sauti kwa amplifaya, na kama kuna la wufa lililoandikwa SUB. Kama umebaki na ya gari yenyewe, tafuta amplifaya inayoweza kupokea sauti kutoka kwa waya za spika moja kwa moja, itakuwa imeandikwa HIGH INPUT. Ikikosa hiyo utalazimika kununua kale kadude ka katikati ka kugeuza sauti ya waya za spika iingie kwa RCA, na kale ka bei ya chini huwa kanakula besi.

Waya, hapa usibane. Kutoka betri hadi buti ni kama mita 5, kwa wati 500 weka geji 4 ya shaba tupu. Nyingi za kwa paketi ya seti ni aluminiamu imepakwa shaba, kwangua uzi mmoja na wembe, ukiona nyeupe ndani ndo hiyo. Si lazima uikatae, ila hesabu ni saizi moja chini ya inavyosema. Fyuzi kubwa ikae karibu na betri, isipite sentimita 45, ju hiyo fyuzi haichungi amplifaya, inachunga waya isiwake moto ikigusana na bodi. Inapopitia ukuta wa injini ivalishwe raba. Waya ya hasi iwe fupi, ikwanguliwe rangi hadi chuma, na ifungwe na bolti yake, sio bolti ya mshipi wa kiti. Waya za RCA zipitie upande mwingine wa gari, ama utasikia injini ikipiga mluzi kwa spika kila ukikanyaga mafuta. Na ile waya nyembamba ya bluu ya kuwasha amplifaya itoke kwa redio, fundi akiifunga moja kwa moja kwa betri ati ni rahisi, amplifaya haizimi na asubuhi gari haiwaki.

Ikishafungwa, usikubali fundi aweke geini mwisho "ndo usikie vizuri". Geini si voliumu, ni ya kuoanisha amplifaya na redio. Zima besi busti, ekwalaiza iwe katikati, chomoa spika, weka voliumu ya redio kwa robo tatu, piga mlio wa majaribio wa 50 Hz kwa upande wa wufa ama 1000 Hz kwa spika, alafu weka maltimita kwa volti za AC (hizi ni za umeme, sio ya kupoza gari) kwa tundu za spika na upandishe geini polepole. Unatafuta mzizi wa pili (square root) wa wati mara omu: wati 75 kwa omu 4 ni volti 17.3, wati 200 kwa omu 4 ni volti 28.3. Ukifika hapo wacha. Upande wa milango weka HPF, kichujio kinachopitisha sauti za juu tu, karibu 80 Hz, upande wa wufa weka LPF, kinachopitisha za chini tu, hapo hapo 80, rudisha spika, na utembee na gari wiki moja kabla ugeuze kitu kingine.