Unajenga wodi? Anza na ushahidi kabla ya ramani

Kabla hujamwita msanifu achore chochote, andika tatizo lako kwa sentensi moja. "Tunataka wodi ya kisasa" haipimiki hiyo. Andika "wagonjwa wanaanguka usiku wakienda choo" au "wagonjwa wanaambukizana wodini", alafu kusanya takwimu za sasa hivi, walioanguka ni wangapi, saa ngapi, walikuwa karibu na nini, maana usipopima kabla ya kujenga baadae hutakuwa na cha kulinganisha, mtabaki kubishana tu. Naomba sana hii hatua usiiruke.

Ukishapata hizo namba tafuta utafiti, na usome wenyewe, usiishie kwenye muhtasari. Mfano ule wa mtafiti Roger Ulrich wa 1984 unaotajwa kila mahali: wagonjwa waliotolewa kifuko cha nyongo kwenye hospitali moja Pennsylvania, Marekani, wale ambao dirisha lao liliangalia miti walikaa wastani wa siku 7.96 baada ya oparesheni na walioangalia ukuta wa matofali siku 8.70, tena wa miti walitumia dawa kali za maumivu chache kuliko wa ukuta. Ni utafiti mzuri, ila walikuwa wagonjwa 46 na oparesheni ya aina moja, kwa hiyo ni sababu tosha ya kupigania dirisha lakini usimuahidi mkurugenzi kwamba kila mtu ataruhusiwa mapema.

Kama tatizo lako ni kuambukizana, kwenye hewa ndo usikubali kuburuzwa na mazoea kabisa. Kuna utafiti ulitoka 2007, walipima vyumba 70 kwenye hospitali 8 za Lima, Peru, wakakuta madirisha na milango ikiwa wazi hewa inabadilika wastani wa mara 28 kwa saa, wakati kiwango kinachopendekezwa kwa vyumba vinavyoingiziwa hewa kwa mitambo, walivyovilinganisha navyo, ni mara 12, na majengo ya kabla ya 1950, yale ya dari za juu na madirisha makubwa, yakayapita ya kisasa. Sasa jiulize kwako dirisha litafunguliwa kweli? Kama usiku kuna baridi na manesi wanafunga kila kitu, faida yote imeisha, inabidi upange njia nyingine ya hewa mapema.

Alafu tengeneza chumba cha mfano, saizi ile ile. Hata tepu sakafuni na maboksi inatosha. Weka kitanda cha kweli, lala chali kichwa kwenye mto, angalia dirishani: kizingiti kikiwa juu sana utaona anga tu, hata kama msanifu alipokuwa amesimama aliona bustani nzuri. Mwambie nesi aingie na toroli, anawe mikono, amfikie mgonjwa. Sinki likijificha nyuma ya mlango litasahaulika, lihamishe hapo hapo maana kuhamisha tepu ni bure, ukuta ni hela. Mwite na mtu wa usafi, yeye ndo anajua kona zipi hazifikiki.

Wodi ikishafunguliwa subiri watu wazoee, pima tena kwa njia ile ile uliyotumia mwanzo, na uandike pia vitu vingine vilivyobadilika, kama mliongeza manesi kipindi hicho hicho usilipe jengo sifa zote. Matokeo yakiwa mabaya yatangaze hivyo hivyo, kuna mwenzako mahali anachora kosa hilo hilo leo.