Jinsi ya kurekebisha rada ya setilaiti inayopima kimo cha bahari
Chagua kituo kilicho moja kwa moja chini ya njia ya setilaiti, mfano wa jukwaa la mafuta la Harvest mbele ya pwani ya California, lililotumika kwa kazi hii tangu setilaiti ya kupima bahari ya TOPEX/Poseidon iliporushwa mwaka 1992. Funga hapo kipimo cha kimo cha maji pamoja na kipokezi cha GPS, kwa sababu jukwaa lenyewe hudidimia polepole, na milimita chache tu kwa mwaka hutosha kuficha kupanda kwa bahari. Setilaiti ipitapo, sahihisha kwanza ucheleweshaji wa mwangwi wa rada unaoletwa na mvuke wa maji angani, hatua inayodai uangalifu mkubwa, kisha toa kimo cha kituoni katika kile cha rada. Tofauti hiyo, ikishafanyiwa wastani wa mapito mengi, ndiyo kosa la kurekebishwa.